Maelieni wa kwenye muvi ni waja leo waondoka leo, mvamizi wa kweli hafanyi hivyo (uzi mrefu)

Mgosi_Barabara_ya_8:

Wakuu salama? Uzi ni mrefu, mwenye bando la mawazo apite tu asije kulalamika. Na mods naomba msiuunganishe na ule wa muvi za kutafsiriwa, hapa naongelea kitu kimoja, maelieni wanaokuja kuivamia dunia na jinsi wanavyoandikwa.

Izi muvi nazipenda sana, tangu enzi za mikanda ya kukodi, kwa iyo mtu asiniambie si uache kuangalia. Ila hawa wavamizi wa Hollywood bwana! Nyota iliyo jirani yetu kuliko zote ukitoa jua ipo mbali kiasi kwamba mwanga wenyewe unatembea miaka minne na kitu, na kile chombo cha Voyager 1 walichokirusha Wamarekani 1977 kingekuwa kinaelekea kule kingechukua zaidi ya miaka 70,000. Sasa mtu kaweza kuvuka umbali huo, anafika, anapiga siku mbili, siku ya tatu kashauliwa na jamaa mwenye laptopu na habari zake zimeishia hapo. Waja leo waondoka leo kabisaa, na sie wa Tanga ule msemo tunautania tu, wageni wetu wengi wakishaonja hawaondoki.

Chukulia Independence Day ya 1996. Meli zenye upana wa kilomita kama 24 zinakuja zinatulia juu ya majiji makubwa. Zinatulia tu. Zinasubiri saa yao ya kuhesabu iishe, na iyo saa wanaipitisha kwenye satelaiti zetu sisi wenyewe, kwa iyo Jeff Goldblum anaigundua, anapata muda wa kumchukua baba yake, wanaendesha gari toka New York mpaka Washington, anaingia Ikulu, anaongea na mke waliyeachana, rais anapanda ndege, ndo Ikulu inalipuka. We mvamizi umekuja kuua watu wote, unampa adui nafasi ya kuaga?

Afu mtu anaweza kusema hakuna mvamizi mjinga hivyo. Yupo, na alikuja hapahapa Tanga. Tarehe 2 Novemba 1914 meli ya kivita ya Waingereza HMS Fox iliingia hapa, nahodha akamwita mkubwa wa Kijerumani wa mji akamwambia jisalimisheni, nakupa saa moja. Jamaa akajibu ngoja nikaulize wakubwa, akaondoka zake, hakurudi na jibu. Waingereza wakabaki wanatafuta mabomu ya kutegwa baharini ambayo hayakuwepo. Huku nyuma kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, anasomba askari kwa treni kutoka Moshi kuja Tanga. Mpaka jeshi lote la Waingereza, watu kama 8,000 wengi wao Wahindi, linashuka Raskazone na kuanza kusogea mjini, wanakuta watu kama 1,000 wanawasubiri, wengi wakiwa askari Waafrika. Tarehe 4 mapigano yamekolea, nyuki wakatoka kwenye mizinga wakavamia watu, wanauma yeyote bila kuuliza bendera yake. Tarehe 5 Waingereza wakapanda meli wakaondoka na kuacha bunduki kwa mamia na risasi kama laki sita.

Mnaona? Meli kubwa imetia nanga, muda wa bure kapewa adui, jeshi kubwa limepigwa na dogo, na kiumbe kidogo ambacho hakuna jenerali aliyekiweka kwenye mahesabu kimeingia. Ukimpa Hollywood stori iyo habadilishi kitu, anabandika tu Will Smith.

Tofauti inakuja baada ya hapo. Muvi ingeishia kwenye nyuki, watu wanakumbatiana, muziki unapanda. Tanga yenyewe Waingereza waliichukua Julai 1916, safari hii wakashuka ufukweni kaskazini ya mji wakaja kwa miguu, na waliposhika nchi hawakutoka mpaka 1961. Yani mvamizi wa kweli akipigwa anarudi kwao, anakaa chini, anauliza tulikosea wapi, anarudi na njia nyingine. Elieni wa muvi hana kabisa icho kikao.

Na ndo maana lazima apewe kitufe kimoja cha kumzima. Hii ilianza zamani, H.G. Wells na kitabu chake The War of the Worlds cha 1898, watu wa Mirihi wanakuja na mashine za miguu mitatu, wanaichoma Uingereza, hakuna anayewaweza, mwisho wanakufa kwa bakteria wetu wa kawaida. Wells alikuwa anajua anachofanya, sura ya kwanza tu anawakumbusha Waingereza walichowafanya watu wa Tasmania. Yani alikuwa anawaambia wenzake leo ni zamu yenu kuonja. Waliomfuata wakachukua bakteria wakaacha ule uchungu. Independence Day wazo la kuingiza virusi vya kompyuta linamjia jamaa pale baba yake anapomwambia usikae chini sakafuni utapata mafua, ni Wells uyouyo kavalishwa laptopu. Na laptopu ya 1996 inaongea na meli ya sayari nyingine bila shida, wakati mi hapa simu na spika ya mwaka mmoja hazisomani.

The Avengers ya 2012 bomu moja linapita kwenye tundu la angani, meli mama inalipuka, jeshi zima lililopo New York linaanguka kama mtu kakata umeme. Edge of Tomorrow ya 2014 vivyo hivyo, kuna mkubwa wao mmoja kajificha Paris chini ya Louvre, ukimuua uyo wote kwisha. Battle: Los Angeles ya 2011, kituo chao cha kuongozea. Jamani hawana hata naibu?

Steringi naye ana masharti. Lazima ndoa iwe imemshinda au awe na msiba. Goldblum kaachika. Tom Cruise kwenye War of the Worlds ya Spielberg ya 2005 kaachika na watoto hawamheshimu. Mel Gibson kwenye Signs ya 2002 ni mchungaji kafiwa na mke kaacha dini. Ukiangalia vizuri maelieni wamekuja kusuluhisha mambo ya nyumbani, majiji yanateketea ili baba aelewane na mwanawe. Japo uyo Tom Cruise wa 2005 nampa maksi zake, anaendesha krini ya makontena bandarini, ni mtu wa kazi, haokoi dunia, anakimbia tu na watoto. Muvi nzima ukiwa naye unaona kile ambacho raia angekiona, vumbi, foleni ya watu kwenye kivuko, watu wanagombania gari moja ambalo bado linatembea. Iyo seini ya gari ni bora kuliko milipuko yote, maana hapo hakuna elieni hata mmoja, ni sisi kwa sisi.

Na mahali. New York, Washington, Los Angeles, basi. Nakumbuka kibanda umiza kimoja Ngamiani, mabenchi ya mbao, madirishani wamebandika maboksi kuzuia mwanga, TV ya kichogo imefungiwa kwenye kabati la wavu. Ikulu ya Marekani ilipolipuka mule ndani watu walishangilia mpaka muuza kahawa akachungulia mlangoni na birika lake kuuliza nani kafunga goli. Sa sijui Emmerich aliyeiongoza iyo Independence Day (ambaye ni Mjerumani, sisemi kitu) alitaka watu wahuzunike pale ama vipi, ila Ngamiani hawakuhuzunika.

Nawaachia hapa. Nitajieni muvi ambayo mvamizi ana akili za mvamizi kweli. Karibuni.

chachandu_kali:

Nimekaa siti ya mbele na mihogo yangu.

Ila Signs umeigusa tu ukapita mgosi, haki yake haijapatikana. Wale maelieni wanaungua na maji. MAJI. Wamekuja kwenye dunia ambayo asilimia 71 ya uso wake ni maji, wamekuja uchi, hata koti la mvua hawana. Kwenye muvi wanauliwa na glasi za maji ambazo mtoto anaziacha ovyo nyumba nzima. Mi nasema wangetua Tanga mwezi wa nne wasingefika hata Chumbageni, ile fukuto tu ingewamaliza bila mtu kunyanyua glasi.

Mzee_wa_Kibanda:

Mleta uzi umeandika vizuri ila unawaonea watunga muvi. Mi nimeendesha kibanda miaka mingi, najua mtu anayetoa hela yake anataka nini. Anataka steringi ashinde na arudi nyumbani mapema. Sasa umemwekea adui mwenye meli za kilomita 24, silaha zetu zote hazimuingii, bomu la nyuklia limegoma (iyo ipo hata kwenye The War of the Worlds ya 1953, wanamrushia bomu, moshi unatawanyika anatokea mzima). Umeshamjenga adui hawezekani, na umebakiwa na dakika ishirini. Utafanyaje? Ndo unaleta kitufe. Usipoleta kitufe muvi inakuwa ya saa kumi au watu wote wanakufa, na watu wote wakifa mi benchi zangu kesho ziko tupu.

Cha kuangalia ni je icho kitufe kiliwekwa mapema au kimedondoka mwishoni. A Quiet Place ya 2018, vile vidude vinawinda kwa kusikia, mtoto wa kike ni kiziwi, kifaa chake cha sikioni tangu mwanzo kinasumbua, baba anahangaika kukitengeneza usiku. Mwisho ile sauti mbovu ya kifaa ndo inayowachanganya. Hapo sijaibiwa. Nilioneshwa, sikuangalia vizuri tu. Mars Attacks! nayo ya 1996 wenyewe walijua ni kichekesho, maelieni wanapasuka vichwa kwa wimbo wa bibi wa watu. Nao pia ni kitufe lakini wanakutania waziwazi kwamba ndugu zangu tunajua.

Afu mnaosema eti elieni mjinga, elieni mwenye akili hana muvi. Anakaa huko juu anarusha mawe mpaka tunaisha. Dakika tano, taa zinawashwa.

Mgosi_Barabara_ya_8:

Mzee wangu shikamoo. Hapo kwenye mawe umenibana kweli. Ila kati ya kurusha mawe na kusimama juu ya New York kusubiri saa ihesabu kuna nafasi kubwa sana, na ndo humo ninamotaka mtu aandike.

Dokta_Mifugo:

Hii ya vijidudu ndo kazi yangu kwa iyo naomba nichangie kidogo, ntajitahidi nisirefushe.

Wells alisema mgeni anakufa kwa vijidudu vya mwenyeji. Kuna ukweli, wazungu waliokuja pwani ya Afrika walikufa sana kwa malaria. Lakini angalia kilichofuata, wakapata kwinini wakajua kuitumia, wakaendelea na safari. Udhaifu ulizibwa. Na upande wa pili ndo haupo kabisa kwenye muvi, kwamba mara nyingi mgeni ndo anamletea mwenyeji. Sotoka iliingia Pembe ya Afrika miaka ya mwisho ya 1880, ikashuka mpaka kusini mwa bara, mifugo iliisha, wafugaji walikufa njaa, na ndo wakati huohuo Wajerumani na Waingereza wanaingia ndani. Walikuta watu washachoka. Funza anayetoboa vidole naye si wa huku asilia, alifika Angola 1872 kwa meli iliyotoka Brazil, na kabla karne haijaisha kavuka bara zima kafika pwani yetu. Funza alivuka Afrika kama wale wapelelezi wa Kizungu na hakuna aliyemuandikia kitabu.

Kwa iyo muvi ya kweli ni elieni anashuka, hapigi risasi hata moja, mwezi wa pili ng'ombe wanaanza kutoa machozi na kamasi. Mwezi wa sita ndo anakuja na chakula cha msaada na karatasi ya kusaini.

Kijana_Makorora:

Dokta umenitisha kuliko muvi zote zilizotajwa humu

Binti_Dunda:

Wagosi wa Tanga mmejisahau, Bagamoyo pia tupo humu.

Alichosema dokta kuhusu malaria njooni mkione, pale misheni iliyoanza 1868 kuna makaburi ya mapadri, unasoma umri wao unaona ni vijana watupu. Walikufa na wengine wakaletwa. Walikufa na hao, wakaletwa wengine. Hawakuondoka.

Ila kitu ambacho mimi naona kinakosekana kwenye izo muvi zenu ni VIBARAKA. Yani binadamu wote duniani wanakuwa kitu kimoja siku moja! Rais anahutubia juu ya gari, watu wanalia, Mrusi na Mwarabu na Mchina wanapeana mikono. Wapi? Wajerumani walipokuja huku hawakutawala kwa mizinga peke yake, walitawala kwa maakida na majumbe, watu wa pwani hawahawa, wanajua kusoma na kuandika, wanajua nani ana minazi mingapi. Kodi ya nyumba ilipoanza kukusanywa 1898 (mwaka uleule wa kitabu cha Wells kama mleta uzi alivyosema) aliyekuja kukugongea mlango hakuwa Mjerumani. Alikuwa mtu unamfahamu, labda mlisoma chuo kimoja.

Sasa nioneshe muvi ambayo mtu anagongewa mlango na jirani yake anayefanya kazi kwa maelieni. Ipo moja naijua, They Live ya 1988. Maelieni washaingia zamani, wamevaa sura za watu, matajiri wanajua na wanakula nao, steringi ni kibarua wa ujenzi anayeokota miwani ndo anaona. Hawana meli ya kilomita 24. Wana matangazo ya biashara.

Mgosi_Barabara_ya_8:

Dada Binti umemaliza, huu ndo mchango niliokuwa nausubiri. They Live ni kweli kabisa, mvamizi aliyekwishakaa.

Na ongeza District 9 ya 2009. Neill Blomkamp aliitoa meli New York akaisimamisha juu ya Johannesburg, na maelieni wenyewe si wavamizi, ni wakimbizi wamekwama wana njaa, wanawekwa kambini kwenye mabanda, afu kampuni inakuja na karatasi za kuwahamisha. Yule jamaa wa kampuni Wikus anapita nyumba kwa nyumba na ubao wake wa kuandikia anawaambia weka sahihi hapa, elieni anaipiga karatasi kwa mkono wake, Wikus anasema haya umesaini. Umeona hapo? Sisi ndo tumekuwa wavamizi na tunatumia silaha ya kweli, fomu. Waliipiga picha Soweto kwenye mabanda ya kweli, na kila mtu anajua inasema habari za ubaguzi na watu waliohamishwa District Six kule Cape Town. Gharama yake ilikuwa kama dola milioni 30 na ilitajwa Oscar vipengele vinne.

Ina doa lake, Wanigeria walivyooneshwa mule, majambazi na wala watu, serikali yao ilikasirika ikapiga marufuku na mi nawaelewa. Lakini hata hapo kuna kitu, wale majambazi wanafanya biashara na maelieni, wanawauzia chakula cha paka kwa bei mbaya. Iyo ndo dunia ninayoijua. Meli ikitua Raskazone saa mbili usiku, saa nne kuna mtu anawauzia vocha.

Kijana_Makorora:

😂😂😂 na saa tano kuna mtu kashawauzia kiwanja ambacho si chake

Sauti_ya_Pangani:

Mkuu umesema mvamizi wa kweli akipigwa anarudi, ila elieni wa muvi harudi. Mbona Independence Day: Resurgence ya 2016 wanarudi baada ya miaka 20? Umeiruka makusudi.

Mgosi_Barabara_ya_8:

Nimeiruka kwa heshima ya marehemu, mgosi.

Haya tuiongee. Wamerudi na nini? Meli kubwa zaidi. Zile zilizosimama juu ya majiji kilomita 24, hii karibu kilomita 4,800 inafunika Atlantiki. Badala ya kubadili mbinu kaongeza saizi, na safari hii tunaambiwa kuna malkia, ukimuua malkia wengine wote basi. Kitufe kimevalishwa gauni. Miaka ishirini yote ya kujipanga wakaja na wazo hilohilo, na walioandika pia.

Cha kuudhi zaidi ndani ya ile muvi kuna stori nzuri wameitupa kama ganda la muwa. Wanatuambia kuna meli ilitua Afrika ya kati ile 1996, maelieni wakashuka chini, na watu wa pale wakapigana nao ana kwa ana kwa miaka. Kuna mbabe wa kivita anaitwa Dikembe Umbutu, ana mapanga mawili mgongoni, anajua elieni anapigwa kutokea nyuma. Sa mkuu, vita vya msituni vya miaka kumi kati ya Waafrika na maelieni, wameishi na adui, wamejua anakula nini, analala vipi, na uyo ndo wamempa kazi ya kusindikiza steringi! Wakaona bora tuangalie tena majengo yanaanguka. Mi ningelipa kiingilio mara mbili niangalie iyo miaka kumi.

Sauti_ya_Pangani:

Hapo sawa nimekubali. Na hao wangepigana vile, nani alikuwa anawabebea mizigo? Hilo ndo swali langu siku zote. Vita ya Kwanza huku wapagazi walikufa makumi elfu kwa njaa na kuhara, wengi kuliko waliopigwa risasi. Kwenye muvi za maelieni hakuna anayebeba kitu, risasi haziishi, wali haupikwi.

Fundi_Antena:

Swali la kiufundi. Hivi hawa maelieni huwa wanafuata nini? Battle: Los Angeles eti maji. Maji si yamejaa huko angani, vimondo vya barafu vimezagaa, na mwezi mmoja wa Mshtarii, Europa, chini ya barafu yake wanasayansi wanakadiria kuna maji mengi kuliko bahari zetu zote na hakuna hata mtu mmoja wa kukurushia risasi. Utaacha kisima kisicho na mwenyewe uje kupigana na wanamaji wa Marekani?

Halafu kuhusu wanajeshi, mjue zile ndege na vifaru watunga muvi wengi wanaazimwa na jeshi lenyewe. Jeshi linasoma script kwanza. Independence Day walinyimwa msaada kwa sababu waligoma kuziondoa kwenye script habari za Area 51 (ile kambi ya siri ya jeshi), Battle: Los Angeles wakapewa. Angalieni wanajeshi walivyo watakatifu kwenye iyo ya pili mtaelewa.

Bi_Mkubwa_wa_Pongwe:

Wanangu nawasoma tu. Mimi mambo ya maelieni siyajui, ila ile habari ya redio mmeisahau. Mwaka 1938 Marekani walitangaza hicho kitabu cha Wells kama mchezo wa redio kwa mtindo wa taarifa ya habari, tarehe 30 Oktoba, kuna watu walishtuka wakadhani kweli, japo magazeti yalikuja kuikuza mno kwa sababu yalikuwa yanagombana na redio. Lakini Quito kule Ecuador 1949 walipoiga mchezo huo haikuwa utani, wananchi walipogundua wamedanganywa walichoma moto jengo la redio na watu wakafa. Waliouawa hawakuuawa na watu wa Mirihi.

Mgosi_Barabara_ya_8:

Shikamoo bi mkubwa. Na unasema huyajui!

Fundi, suala la wanafuata nini ndo ufa mkubwa kuliko wote. Arrival ya 2016 angalau imeliuliza. Vyombo 12 vimetua, kimoja mpaka Sudan, na muvi nzima ni mwalimu wa lugha anajaribu kuwauliza mmekuja kufanya nini, wakati majenerali wanataka kupiga kwanza. Wengine waliniambia inaboa. Mi naona ndo muvi pekee ambayo mtu alifikiria kusalimia.

Mzee_wa_Kibanda:

Inaboa. Nilirudisha hela za watu.

Binti_Dunda:

Mgosi badala ya kulalamika, we ungeandikaje?

Mgosi_Barabara_ya_8:

Marahaba ya swali.

Wanatua Pangani, watatu tu. Hawana silaha. Wana karatasi. Mjerumani Carl Peters 1884 alizunguka bara huko na mikataba ya maandishi watu wanatia alama hawajui imeandikwa nini, na Aprili 1888 kampuni ya Wajerumani ikasaini na Sultani wa Zanzibar kuikodi pwani, watu wa pwani wenyewe hawakuulizwa. Agosti wakaja kupandisha bendera. Kwa iyo maelieni wangu wanakuja na mkataba uliosainiwa na mtu mwingine mahali pengine, wanaomba kupandisha bendera yao tu, kibendera kidogo, hakimdhuru mtu. Nusu saa nzima ya muvi ni watu wanabishana barazani kama bendera ina shida au haina. Wengine wanasema wapeni wana dawa ya sukari. Vijana wanataka kupigana kama Abushiri, wazee wanawaambia Abushiri walimnyonga hapahapa Pangani Desemba 1889 na kijiwe hiki mnachokalia kilikuwepo. Hakuna kitufe. Kuna jumbe mmoja, mtu mzuri tu, ana watoto wanasoma, ndo wanampa kazi ya kuandika majina ya nyumba. Kamera inakaa naye. Anaandika nyumba ya kwanza, ya pili, anafika kwa kaka yake.

Milipuko itakuwepo mzee wa kibanda usijali, ntaweka miwili mitatu benchi zijae.

chachandu_kali:

Uyo jumbe nani anacheza

Kijana_Makorora:

Mi hapa. Kanzu ninayo, mwandiko mzuri, na kaka yangu ananidai. Ila nilipwe kabla ya kuanza.